Karatasi Hazina Miguu
Neno kwa wazazi na vijana juu ya kuhama jimbo na kuingia shule ya uuguzi huko Marekani



Ni jamaa nyingi za Uvira, za Fizi, za Kalemie na za Goma zilizo na mtoto au ndugu huko Marekani leo. Wengi walipita kwanza katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, au ya Nakivale, Uganda, wakangoja miaka mingi. Katika mwaka wa serikali ulioishia Septemba 2024, Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 19,000 kutoka Kongo. Kazi ile ya kuwapokea ilisimamishwa kwa amri ya Januari 2025. Lakini waliokwisha kuingia wako huko, wafanya kazi, na watoto wao wasoma. Nawe ukiwauliza vijana hao wataka kuwa nani kesho, mara nyingi utasikia jibu moja: muuguzi.

Ni tamaa njema. Lakini iko shida moja inayowakuta wengi njiani, nayo ndiyo twataka kuieleza leo. Shida hiyo ni kuhama kutoka jimbo moja kwenda jimbo lingine kabla ya kuingia shule ya uuguzi.

Binti wa Houston

Tumfikirie binti mmoja wa kwetu. Tusimpe jina, maana walio kama yeye ni wengi. Akaa Houston, katika jimbo la Texas. Amemaliza shule ya sekondari, akapata cheti cha msaidizi wa muuguzi, kile kiitwacho CNA. Asubuhi aenda kuwaosha na kuwalisha wazee katika nyumba yao. Jioni aenda chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha miaka miwili. Huko amejifunza Kiingereza cha kuandika, saikolojia, na elimu ya mwili wa binadamu, sehemu ya kwanza na ya pili. Bado masomo machache tu, kisha ataomba nafasi katika shule ya uuguzi.

Siku moja baba yake asema:

– Mwanangu, ndugu yangu wa Iowa amenipigia simu. Kiwanda cha nyama kinatafuta watu, na nyumba huko si ghali kama hapa. Mwezi ujao twahama.

– Ndiyo, baba.

Basi. Hakuna aliyemwuliza masomo yake yamefika wapi, wala yeye hakuthubutu kusema.

Walipofika Iowa, binti alichukua bahasha yake, akaenda kuuliza chuoni. Karani alimpokea kwa adabu, lakini maneno yake yalikuwa magumu: Wewe si mkaaji wa jimbo hili bado. Karatasi hii ya alama uliyoichapa nyumbani hatuwezi kuipokea. Na cheti chako cha CNA hakimo katika daftari letu. Binti alirudi nyumbani analia, akamkuta shangazi yake aliyetangulia kukaa Iowa miaka sita.

– Shangazi, miaka yangu miwili imepotea.

– Haikupotea, mwanangu. Uliyojifunza unayo kichwani. Karatasi ndizo zimebaki nyuma, nazo hazina miguu. Futa machozi, kesho tutaanza kuzivuta moja moja.

Shangazi huyo alisema kweli. Tuone kwa nini.

Kila jimbo na sheria zake

Kwetu Kongo, mwanafunzi aliyepata diploma ya serikali huko Bukavu aweza kwenda Lubumbashi au Kisangani, na diploma yake ni ile ile. Mtihani ni mmoja kwa nchi nzima, na majimbo yote 26 yautambua. Kwa hiyo mtu wa kwetu adhani kwamba Marekani pia ni hivyo. Sivyo. Huko kila jimbo lina Baraza lake la Uuguzi, ambalo huruhusu shule na kutoa leseni. Kila jimbo lina daftari lake la wasaidizi wa wauguzi. Na kila jimbo lapanga lenyewe nani atahesabiwa mkaaji katika vyuo vyake vya umma. Mtihani wa mwisho tu, uitwao NCLEX, ndio ulio mmoja kwa majimbo yote.

Basi aliyehama atakuta milango mitatu mbele yake.

Mlango wa kwanza: ukaaji

Vyuo vya umma hulishwa na kodi za wenyeji. Kwa hiyo mwenyeji hulipa karo ndogo, na mtu wa jimbo lingine aweza kutozwa mara mbili au hata mara tatu. Majimbo mengi, na Texas ni mojawapo, hudai mtu awe amekaa miezi 12 kabla ya kuitwa mkaaji. Katika vyuo vikuu vya umma vya Iowa ni miezi 12 vilevile, na tena yapasa mtu aonyeshe kwamba alikuja kwa sababu nyingine isiyo masomo. Aliyejiandikisha kwa masomo ya siku nzima mara alipofika atadhaniwa kwamba alifuata shule tu.

Lakini sikieni jambo ambalo shangazi alilijua na binti hakulijua. Katika vyuo vya jamii vya Iowa, siku zinazodaiwa ni 90 tu kabla ya muhula kuanza. Miezi mitatu si mwaka! Mtu asiyeuliza angeweza kukaa nyumbani mwaka mzima bure, au kulipa karo ya mgeni pasipo haja. Tena majimbo mengine yana kanuni za pekee kwa wakimbizi. Kwa hiyo usiridhike na jibu la jirani; nenda katika ofisi ya chuo chenyewe, uombe kuonyeshwa kanuni iliyoandikwa.

Na ushahidi wa ukaaji ni nini? Ni mkataba wa nyumba wenye tarehe, leseni ya dereva ya jimbo jipya, karatasi za mshahara na za kodi. Juma lile la kwanza la kufika, kabla hata ya kufungua masanduku yote, anza kuzikusanya.

Mlango wa pili: masomo yaliyopita

Kabla ya kuingia shule ya uuguzi, mwanafunzi hutakiwa awe amesoma elimu ya mwili wa binadamu, mikrobiolojia, mara nyingi kemia na takwimu, pamoja na saikolojia na Kiingereza. Masomo haya aweza kuhama nayo, lakini majina yake hubadilika. Katika vyuo vya umma vya Texas, sehemu ya kwanza ya elimu ya mwili huandikwa BIOL 2401, na ya pili BIOL 2402. Katika vyuo vya jamii vya Iowa huandikwa BIO 168 na BIO 173. Mifupa ni ile ile, moyo ni ule ule, ila namba zimebadilika. Nani atamwambia karani kwamba somo hili ni lile? Ni wewe, kwa kumpa muhtasari wa somo, yaani ile karatasi ambayo mwalimu huigawa siku ya kwanza, yenye mambo yote yatakayofundishwa. Wanafunzi wengi huitupa. Usiitupe!

Hati ya alama nayo sharti itumwe na chuo cha zamani moja kwa moja kwa chuo kipya. Kama ulibakiza deni kule, hata dogo, hati yaweza kuchelewa. Lilipe kabla ya kuondoka.

Mambo mawili tena. Shule nyingi hazipokei masomo ya sayansi yaliyopita miaka mitano au saba. Aliyehama na kukawia sana aweza kulazimika kuyarudia. Na masomo ya uuguzi yenyewe, yale yanayofundishwa pamoja na kazi ya hospitali, hayahami kwa urahisi kama yale ya kutangulia. Aliyekwisha kuyaanza afadhali amalize pale alipo, kama yawezekana.

Mlango wa tatu: cheti cha kazi

Cheti cha CNA ni cha jimbo. Akihama, mtu sharti aombe aandikwe katika daftari la jimbo jipya. Kwa kawaida harudii mafunzo, kama jina lake ni safi na hakuacha kazi hiyo muda mrefu. Lakini sheria ya nchi yote yasema kwamba aliyepitisha miezi 24 mfululizo bila kufanya kazi hiyo kwa mshahara sharti afunzwe au apimwe upya. Basi ombi hili lisingoje. Cheti hicho ndicho chakula cha nyumbani, na shule nyingi hufurahi kumwona mwombaji aliyekwisha kuwahudumia wagonjwa kwa mikono yake.

Njia mbili, mtihani mmoja

Wengi huuliza: Niingie wapi? Ziko njia mbili kubwa. Ya kwanza ni diploma ya chuo cha jamii, kama miaka miwili baada ya masomo ya kutangulia. Ya pili ni digrii ya chuo kikuu, miaka minne kwa jumla. Wote wawili hufanya NCLEX ile ile, yenye maswali kati ya 85 na 150, na muda usiozidi saa tano. Na wote wawili huitwa wauguzi wenye leseni. Mwenye diploma aweza baadaye kuongeza masomo hadi digrii, huku anafanya kazi. Kwa maskini aliyehama karibuni, njia ya kwanza mara nyingi ndiyo iliyo karibu na mfuko wake, wala si aibu kuifuata.

Kuingia si rahisi popote. Walimu ni wachache, na nafasi za kujifunzia katika hospitali ni chache. Mwaka 2021, shule za digrii za Marekani zilikataa maombi zaidi ya 91,000 ya watu waliokuwa na sifa zote. Shule nyingi hupima waombaji kwa mtihani uitwao TEAS, wenye maswali 170 katika dakika 209: kusoma, hesabu, sayansi na Kiingereza. Nyingine hutumia ule uitwao HESI. Uliza shule yako yataka upi kabla ya kulipa fedha. Na usiombe nafasi katika shule moja tu.

Jihadharini na njia ya mkato

Mtu aliyechoka kungoja huwa mawindo ya matapeli. Mwezi wa Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya watu 25. Diploma za uuguzi za uwongo zaidi ya 7,600 zilikuwa zimeuzwa kupitia shule tatu za Florida. Walionunua hawakusoma wala kugusa mgonjwa kama inavyopasa. Wengine hata walishinda mtihani wa leseni. Lakini majimbo yalipogundua, wengi walinyang'anywa leseni, na fedha zao zikapotea. Tena fikirini hali ya mgonjwa aliyelala mbele ya muuguzi wa namna hiyo!

Kinga yake ni nyepesi. Kabla ya kulipa hata dola moja, tazama kama shule imo katika orodha ya Baraza la Uuguzi la jimbo, na kama ina ithibati ya ACEN au ya CCNE. Kama ni shule inayofundisha kwa intaneti kutoka jimbo lingine, uliza kwa barua kama inaruhusiwa kumfundisha mtu anayekaa jimboni mwako, na ni hospitali gani itakayokupokea kwa mazoezi. Hakuna ajifunzaye kuchoma sindano kwa kutazama kioo tu.

Miezi ya kungoja

Binti wetu afanye nini basi katika miezi ile mitatu? Asikae bure. Aandikishe cheti chake, afanye kazi, ahifadhi kila karatasi ya mshahara. Usiku ajifunze TEAS. Apate chanjo zinazodaiwa na cheti cha huduma ya kwanza ya moyo, maana hospitali haitampokea bila hivyo. Ajaze fomu ya misaada iitwayo FAFSA, ambayo hailipiwi, na aulize ofisi ya chuo kama ana haki ya msaada usiorudishwa. Siku 90 zikitimia, atakuta mlango umefunguliwa, naye yu tayari.

Neno kwa wazazi

Enyi baba na mama, hatusemi msihame. Mzazi hufuata mkate wa watoto wake. Lakini kabla ya kufunga mizigo, mwulizeni mtoto: Muhula wako unaisha lini? Umebakiza masomo gani? Pengine kungoja majuma sita kutaokoa mwaka mzima. Na wewe kijana, kumheshimu baba si kunyamaza. Mwambie kwa adabu: «Baba, niache nimalize mtihani, kisha nitawafuata.» Baba mwenye busara atasikia.

Na ninyi wanafunzi mlioko Kongo, neno hili lawahusu pia. Muuguzi wa A2 au wa A1 akifika ng'ambo hataitwa muuguzi mara moja. Hati zake zitapimwa kwanza, nazo sharti zitafsiriwe kutoka Kifaransa. Wangapi walikimbia vita wakaacha kila kitu, na leo hawawezi kuonyesha hata bulletini moja ya shule! Mali bila daftari huisha bila habari. Wekeni nakala za diploma na bulletini zenu mahali pawili, na mwombe mihuri wakati shule yenu ingali imesimama.

Binti yule wa Houston alidhani amepoteza miaka miwili, kumbe alipungukiwa bahasha nne na siku tisini. Asiyeuliza angeweza kurudi nyumbani na kuacha kabisa, na wagonjwa wangepungukiwa na muuguzi mmoja mwema. Kuuliza si ujinga. Ulizeni mapema.