Kiapo, Mwiko na Sheria: Fungamano la Askari huko Bunia

Neno kiapo lina maana mbili katika Kiswahili: ahadi itamkwayo mbele ya mashahidi, na jaribio apewalo mtuhumiwa ili ukweli udhihirike. Usemi "kula kiapo" huzikaribisha maana hizo. Kilicholiwa hukaa mwilini, nacho huaminiwa kuwa chaweza kumdhuru akivunjaye. Historia ya Bunia, katika Ituri, yaonyesha jinsi fikra hiyo ilivyoingia vitani.

Mwaka 1964 Bunia iliangukia mikononi mwa waasi wa Simba, ambao jina lao lenyewe ni la Kiswahili. Mpiganaji mpya alichanjwa, akatiwa dawa na kunyunyiziwa maji. Tangu hapo risasi zilisadikiwa kugeuka maji mbele yake, maadamu ameshika miiko: asiibe, asilale na mwanamke, asigeuke nyuma vitani. Hapakuhitajiwa hakimu. Aliyeanguka alihesabiwa kuwa amevunja mwiko, na kifo chake ndicho kilichokuwa ushahidi na hukumu kwa pamoja. Hivyo dawa ilibaki na sifa yake, na lawama ikamwangukia marehemu. Hoja iyo hiyo ilikuwa imetolewa katika Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905 kusini mwa Tanzania ya leo.

Kiapo cha dola hufuata njia nyingine. Kanuni ya Adhabu ya Kijeshi ya Kongo, yaani Sheria nambari 024/2002 ya tarehe 18 Novemba 2002, huorodhesha makosa kama vile utoro, uasi na uhaini, pamoja na adhabu zake. Lakini kosa sharti lithibitishwe mahakamani, na mshtakiwa apewe nafasi ya kujitetea.

Utii nao una mpaka. Ibara ya 28 ya Katiba ya mwaka 2006 yasema kuwa hakuna alazimikaye kutekeleza amri iliyo haramu waziwazi. Kwa hiyo askari akataaye kuua raia hahesabiwi kuwa amevunja kiapo.

Jambo hili lina uzito Ituri, ambako watoto waliingizwa vitani mwaka 2002 na 2003. Tarehe 14 Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi la UPC, kwa kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani. Kisha alihukumiwa kifungo cha miaka 14. Mahakama ilieleza kwamba ridhaa ya mtoto si utetezi. Chini ya mwiko, mwenye kuulizwa alikuwa mpiganaji aliyekufa; chini ya sheria, aliyemwingiza vitani naye huulizwa.