Kuhesabu Gharama ya Mnara

Masomo: Luka 14:28–30, Danieli 1:3–20

Leo tunazungumza na vijana wanaojiandaa kwenda chuo kikuu, pamoja na wazazi wao, hasa wale wa kwetu Kiritiri na Mbeere nzima, ambao karo ya watoto wao hutoka katika magunia ya ndengu, katika mbuzi waliopelekwa sokoni na katika harambee za Wakristo. Neno letu linahusu yale masomo ambayo chuo cha Kikristo humtaka kila mwanafunzi ayasome, hata kama hayaonekani kuhusiana na kazi aliyoichagua.

Malalamiko tunayoyasikia ni haya. Kijana ameandikishwa kusoma uhasibu. Afikapo chuoni anapewa orodha ya kozi, na ndani yake anakuta Agano la Kale, Agano Jipya, maadili ya Kikristo, uandishi wa Kiingereza, kompyuta, mazingira, na namna ya kufikiri kwa mantiki. Anapiga simu nyumbani: "Baba, nilikuja kusoma vitabu vya hesabu, mbona nafundishwa habari za Yeremia?" Na baba, ambaye ameuza mbuzi wanne ili mtoto aingie muhula wa kwanza, anajiuliza kama chuo kinakula pesa yake bure. Swali hilo ni la haki. Mtu anayetoa jasho lake ana ruhusa ya kuuliza linakwenda wapi.

Basi tuanze na asili ya jambo lenyewe. Katika vyuo vikuu vya zamani vya Ulaya, mwanafunzi alipitia kwanza sanaa saba kabla ya kuingia katika theolojia, sheria au utabibu: sarufi, ufasaha wa kusema, mantiki, hesabu, jiometri, muziki na elimu ya nyota. Desturi ya kuanza na msingi mpana ilivuka bahari hadi Marekani, ambako chuo cha Harvard kilianzishwa mwaka 1636. Baadaye mkuu wa chuo hicho, Charles Eliot, aliyekiongoza tangu 1869 hadi 1909, aliwaachia wanafunzi wajichagulie karibu masomo yote. Lakini walimu waliokuja nyuma yake waliona kwamba mtu aweza kuhitimu akiwa na vipande vya elimu visivyoungana, na mwaka 1945 chuo hicho hicho kikatoa taarifa mashuhuri iliyotaka wanafunzi wote washiriki elimu fulani ya pamoja.

Hapa Kenya vyuo vikuu vyetu vya kwanza vilifuata zaidi mtindo wa Uingereza, ambapo mwanafunzi huingia moja kwa moja katika fani yake. Vyuo kadhaa vya Kikristo vilikuja na ule mtindo mwingine wa msingi mpana. Chuo Kikuu cha Baraton cha Waadventista kilipata hati ya serikali mwaka 1991, na Daystar mwaka 1994. Kisha jirani yetu wa Meru, Chuo Kikuu cha Kimethodisti, kikapata hati yake mwaka 2006, na Mtakatifu Paulo cha Limuru mwaka 2007. Hiki cha mwisho kina mizizi katika shule ya kuwaandaa wahudumu wa Kanisa iliyoanzishwa Frere Town, Mombasa, mwaka 1903, ikahamia Limuru mwaka 1930. Vyuo hivi havifanani katika kila kitu, lakini vyote vimetoka katika imani kwamba mwanafunzi ni mtu mzima, mwenye akili na roho, naye atakuwa mzazi, jirani na raia kabla ya kuwa mhasibu na baada ya kustaafu uhasibu.

Tumtazame sasa Danieli na wenzake watatu. Walichukuliwa mateka wakapelekwa Babeli, na huko mfalme akaamuru wafundishwe maandishi na lugha ya Wakaldayo kwa miaka mitatu, kisha wasimame mbele yake. Hawakuulizwa kama wanayapenda masomo hayo. Angalieni basi walichokataa na walichokubali. Walikataa chakula cha mfalme, kwa sababu kingewatia unajisi. Masomo hawakuyakataa. Walikaa darasani miaka ile yote, wakajifunza elimu ya watu wasiomjua Mungu wao, na ilipofika siku ya kuulizwa maswali walionekana bora kuliko waganga na wachawi wote wa ufalme. Stefano naye, katika Matendo ya Mitume sura ya 7, anatukumbusha kwamba Musa alielimishwa katika hekima yote ya Wamisri. Mungu hakuitupa elimu ile. Aliitumia.

Pengine mtu atasema hayo ni mambo ya Babeli, si ya Kiritiri. Haya, tushuke hadi mto Tana. Kuna mabwawa matano ya umeme mtoni humo: Kindaruma lililomalizika mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Bwawa la Masinga limekuwa likijaa udongo unaochukuliwa na mvua kutoka mashamba na vilima vya juu yake. Udongo huo ni shamba la mtu. Mhasibu aliyesoma kozi moja tu ya mazingira ataelewa kwa nini kukata miti kilimani leo ni gharama kesho, hata kama gharama hiyo haijaandikwa katika daftari lake. Muuguzi aliyesoma takwimu kidogo hatadanganywa na tangazo la dawa. Mwalimu aliyefundishwa mantiki atasikiliza ahadi za wakati wa uchaguzi kwa masikio mawili. Nasi makasisi tulipokuwa katika chuo cha theolojia tulisoma mabishano ya Ario na Athanasio ya karne ya 4, na wako waliouliza yatamfaa nini mkulima wa mtama. Lakini watu wanaofundisha kwamba Kristo ni kiumbe tu hupita hata katika vijiji vyetu, na Mkristo akija kuuliza, tuna la kumjibu.

Hata hivyo, wapenzi, faida ya masomo haya haimwondolei mwanafunzi wajibu wa kuyapanga. Bwana wetu alisimulia habari za mtu atakaye kujenga mnara, kwamba huketi kwanza ahesabu gharama, asije akaweka msingi akashindwa kumaliza, watu wakamcheka. Shahada ni mnara. Tunajua kijana mmoja wa upande huu aliyemaliza kozi zote za fani yake kwa alama nzuri. Wazazi walikodi gari, jamaa wakashona nguo, na wiki chache kabla ya mahafali jina lake halikuonekana katika orodha. Ilibaki kozi moja ya lazima, aliyoiahirisha tangu mwaka wa kwanza kwa kuiona si kitu. Akarudi chuoni muhula mwingine mzima, akilipa karo, chumba na chakula kwa ajili ya kozi moja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa hiyo tunatoa mashauri haya.

Kwanza, pata kitabu cha masomo cha chuo cha mwaka ulioingia, ukisome kabla ya kujiandikisha. Humo mmeandikwa kozi za lazima kwa wote, kozi za fani yako, na zile unazojichagulia. Ziandike zote katika karatasi moja, na kila muhula ukimaliza kozi, ipige mstari. Karatasi hiyo itunze pamoja na risiti za karo. Usitegemee habari za wanafunzi wenzako, maana masharti yao yaweza kuwa ya mwaka mwingine.

Pili, elewa hesabu ya krediti. Kwa kawaida krediti moja ni kama saa moja ya darasa kila wiki katika muhula, na kozi nyingi ni za krediti tatu. Vyuo kadhaa hutoza karo kwa hesabu hiyo. Maana yake ni kwamba kozi uliyoanguka utailipia tena, nayo ndengu ya mama haitaota mara mbili kwa sababu wewe ulilala.

Tatu, tazama kozi zinazotangulia nyingine. Uandishi na hesabu za msingi mara nyingi ni mlango wa kozi za juu. Ukiziacha, mlango utabaki umefungwa hata kama una pesa mkononi. Changanya katika kila muhula kozi za fani na moja au mbili za lazima, ili mwaka wa mwisho usiwe na deni.

Nne, mwone mshauri wa masomo uliyepewa na chuo. Wengi humwona siku ya shida tu. Mwone mapema, na jambo mnalokubaliana liandikwe. Na kama ulisoma stashahada mahali pengine, peleka matokeo yako kwa msajili na uulize kozi zipi zitahesabiwa, kabla hujalipia tena yale uliyokwisha kuyasoma.

Tano, na hili ni kwa watoto wa Kanisa hasa: usiidharau kozi ya Biblia kwa kuwa ulikuwa mwalimu wa Shule ya Jumapili. Darasani utaulizwa habari za falme za Ashuru na Babeli, mpangilio wa vitabu, na sababu za nabii kusema alivyosema, na utaandika insha kwa ushahidi. Kuzijua hadithi ni mwanzo mwema, lakini hakutoshi. Na ukikutana na swali linalotikisa imani yako, usilifiche. Mwulize mwalimu, mwandikie kasisi wako. Imani inayoogopa maswali haijaweka mizizi.

Nanyi wazazi, msiulize tu, "Umepita?" Ombeni mwonyeshwe ile karatasi ya kozi kila likizo, hata kama hamkusoma sana. Mtu aliyehesabu mbuzi maisha yake yote aweza kuhesabu mistari iliyobaki. Na ninyi kamati za harambee, Umoja wa Akina Mama na wazee wa kanisa, mnapomchangia kijana muulizeni amebakiza kozi ngapi. Kumwuliza si kumshuku. Ni kuujenga mnara pamoja naye.

Tuombe. Ee Mungu, uliyewapa Danieli na wenzake maarifa katika nchi ya ugeni, uwape vijana wetu bidii katika kila somo, kubwa na dogo. Uwabariki wanaowalipia kwa jasho lao, na utujalie sote kumaliza kazi tuliyoianza. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.