Chombo cha Anga Huanzia Ndani

Mwaka 1967 watazamaji wa tamthilia ya Star Trek waliona kwa mara ya kwanza chombo kidogo cha anga kiitwacho Galileo, kikitoka kwenye meli mama na watu saba ndani. Kazi yake ni ile ya mtumbwi unaoshushwa kutoka meli kubwa: kupeleka watu ufukweni na kuwarudisha. Umbo la nje lililojengwa kwa ajili ya picha lilikuwa na urefu wa karibu mita 7. Lakini sehemu ya ndani ilijengwa kando, na humo waigizaji walisimama wima bila kuinama. Ndani ile isingeenea katika nje ile.

Kamera ililificha kosa hilo. Modeli ya kompyuta hulianika, kwa sababu humo nje na ndani hukaa kwenye vipimo vilevile. Ndiyo maana wapenzi wa tamthilia hiyo wamekichora upya mara nyingi, wakijaribu kupatanisha pande mbili.

Kijana wa Geita au Kahama anayetaka kubuni chombo chake anaweza kutumia Blender, programu ya kuchora modeli za kompyuta ambayo ni huria tangu mwaka 2002. Wengi huvutwa kuanza na pua na mabawa. Mimi nashauri aanze na kiti.

Mketishe mtu mrefu kwenye benchi. Mpime toka sakafuni hadi utosini, kisha toka mgongoni hadi ncha ya magoti. Mwingize kwenye programu kwa vipimo hivyo, mkabilishe na mwenzake, halafu uliza: mtu wa tatu, mwenye mtungi wa hewa mgongoni, atapitaje katikati yao? Jibu ndilo upana wa ndani wa chombo. Ongeza unene wa kuta, maana kati ya bati la ndani na la nje hupita nyaya, mabomba na kinga ya joto. Kisha mlango: ukifungukia ndani, hewa iliyomo huusukuma na kuukaza wenyewe.

Fikra hii ya kuanzia ndani si ngeni katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Kahama. Eneo la Star and Comet, ambako mgodi wa Geita ulianza kuchimba chini ya ardhi mwaka 2016, lina jina la angani. Na kazi ya wapima migodi inafanana sana na hii. Handaki huchorwa kwenye kompyuta kabla mwamba haujalipuliwa, na upana wake hutokana na mashine itakayopita humo. Migodi mikubwa ya chini huwa pia na vyumba vya kujihifadhi wakati wa ajali: mabenchi, maji, hewa ya akiba na mlango usiopitisha moshi. Ukikiwekea injini, chumba hicho hakiko mbali na chombo cha anga.

Na mkoa wa Shinyanga, iliko Kahama, unajua uzito wa maswali haya. Novemba 2015 wachimbaji watano waliokolewa Nyangarata, Kahama, baada ya siku 41 chini ya kifusi. Hewa, maji, nafasi ya kujilaza, njia ya kutokea: hayo ndiyo yaliyoamua uhai wao, na ndiyo yanayofanya chombo cha kubuni kiaminike.

Basi, kabla hujachora pua ya chombo chako, chukua futi, mketishe mwenzako, umpime.