Yamini, Kithitu na Dola Isiyo na Dini

Mtu aingiapo katika mahakama ya hakimu popote Ukambani, iwe Kitui mjini, iwe Mwingi, iwe Makueni, ataona juu ya meza ya karani vitabu viwili vilivyochakaa majalada, Biblia na Msahafu, na kila shahidi apandapo kizimbani huulizwa dini yake kabla ya kuulizwa aliyoyaona. Naye hushika kitabu chake, akatamka maneno yale yale aliyoyatamka shahidi wa upande wa pili muda mfupi uliopita, ilhali ni dhahiri kwa kila aliyeketi mle ndani kwamba mmoja wao amesema uongo. Hakimu anajua, karani anajua, na mawakili ndio wajuao zaidi. Kisha, shauri la mpaka wa shamba likishatimiza miaka kumi na mashahidi wakaanza kufa, huinuka mzee mmoja akasema: basi, na twende tukale kithitu. Hapo ukumbi mzima hunyamaza.

Ukimya huo ndio ninaotaka kuutazama, wala siutazami kwa jicho la mcha Mungu wala la mchawi, bali kwa jicho la mtu anayetaka kujua ni kwa nini kitabu kinachosomwa kila Jumapili kijijini huapiwa huku watu wakikohoa na kupiga miayo, na pembe kuukuu iliyofichwa katika kibanda cha mtu hutajwa tu, watu wakashikwa na baridi.

Kithitu ni chombo, aghalabu pembe ya mnyama iliyotiwa vitu ambavyo mwenyewe peke yake ndiye avijuaye, nacho hakishikwi kwa mkono mtupu. Watakaokila hupelekwa mahali pa wazi, mbali na mazao na mifugo, kwa kuwa husemwa kwamba ukali wake hauchagui. Chombo huwekwa chini mbele ya wazee, na mwapaji hukigonga kwa kijiti huku akitamka kwamba, iwapo aliyoyanena si kweli, basi kithitu na kimle. Tazama, kwa njia, jinsi lugha zilivyokubaliana: Mkamba hula kithitu, nasi wa Kiswahili twala yamini na twala kiapo, kana kwamba wote tulikwisha jua tangu zamani kwamba neno la namna hii huingia tumboni likakaa huko. Wamijikenda wa pwani, ambao Wakamba walipita kwao na pembe za ndovu wakielekea Mombasa, walikuwa na kiapo chao cha shoka lililotiwa motoni. Lakini shoka hutoa hukumu siku ile ile, na kithitu husubiri.

Kusubiri huko ndiko kunakokipa nguvu. Mwapaji hafi pale pale. Hupewa muda, wa miezi au wa miaka, na katika muda huo msiba wowote utakaoangukia nyumba yake, si yeye tu bali mtoto, ndugu, hata ng'ombe, utahesabiwa kuwa ni jibu. Sasa, nani asiyepatwa na msiba katika miaka kadhaa, katika nchi ambayo mvua za vuli na za masika hukosa zikafuatana, na malaria haihitaji mwaliko? Kwa hiyo jamaa za mwapaji, wakijua kwamba wao ndio rehani ya ulimi wake, humwendea usiku wakamhoji: baba, una hakika na mpaka ule? Na aghalabu mtu mwongo hutoka katika mahojiano hayo akakubali kugawana shamba kabla pembe haijatolewa kibandani. Hapana haja ya kuamini kwamba pembe ina roho. Inatosha kuona kwamba imeigeuza familia nzima kuwa askari wa ukweli, jambo ambalo Biblia ya mahakamani, ambayo humwachia kila mtu dhambi yake na Mola wake, haikuweza kulifanya.

Wakoloni waliliona hilo mapema. Charles Dundas, aliyetumikia serikali ya Kiingereza huko Kitui, aliandika habari za sheria na mila za Wakamba, na msomi wa Kiswidi, Gerhard Lindblom, aliyekaa Ukambani katika mwaka 1911 na 1912, alikieleza kithitu katika kitabu chake kikubwa. Mabwana wale walikuwa katika hali ya ajabu: sheria yao ya mwaka 1925 ilifanya uchawi kuwa kosa, mahakama zao hazikukubali kwamba mtu aweza kuuawa kwa uchawi, na katika mwaka 1932 wanaume 60 wa Kikamba walihukumiwa kunyongwa kwa kumpiga hadi kufa mwanamke waliyemshuku, hukumu ambayo baadaye ilibadilishwa wasinyongwe, lakini mashauri ya ng'ombe na ardhi yalipowashinda, hawakuona haya kuwaachia wazee na pembe yao. Na zilipofika zile zama za Mau Mau, serikali iliyokiita kiapo cha msituni ushenzi mtupu iliwakusanya waganga wa Kikamba katika wilaya ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake, kati ya mwaka 1954 na 1955, ili wawatakase watu na viapo na uchawi. Dola iliyojinasibu na akili ilikuja kuazima kwa mganga.

Makanisa nayo yamekikataza kithitu tangu siku zake za kwanza katika nchi ile, tangu Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walipojenga kituo chao cha kwanza Nzaui, ambayo sasa imo Makueni, katika mwaka 1895. Sababu yao yafahamika. Lakini liko jambo moja ambalo wahubiri hulipitia haraka: katika kitabu kile kile wanachoshikishwa mashahidi, Yesu anawakataza wafuasi wake wasiape kabisa. Waliolichukua fundisho hilo kwa uzito wake walikuwa Marafiki wa Uingereza, yaani Waquaker, ambao walikaa magerezani kwa kukataa kuapa mpaka bunge la huko, mwishoni mwa karne ya 17, likawaruhusu watoe tamko badala ya yamini. Madhehebu yao yana wafuasi wengi magharibi mwa Kenya, tangu misheni ya Marafiki ilipoanzishwa Kaimosi mwaka 1902.

Nisidhaniwe kwamba nakisifu kithitu. Mjane asiye na ndugu wa kumsimamia, akiambiwa na shemeji zake kwamba ama ale ama aliache shamba lake la maembe, ataliacha, si kwa sababu amedanganya bali kwa sababu ana watoto watatu na hawezi kuwaweka rehani. Na mtoto wa jirani akifa kwa homa ambayo sindano moja ingalimponya, kaburi lake hugeuzwa kuwa hati ya kumiliki ardhi. Ukweli unaopatikana kwa njia hii una bei, na mara nyingi anayeilipa hakuwa na shauri na mtu yeyote.

Katiba ya mwaka 2010 ilijaribu kuyaweka yote haya mahali pake. Ibara ya 8 yasema kwa maneno machache kwamba Kenya haina dini ya taifa; ya 32 yampa kila mtu uhuru wa dhamiri; ya 170 yazitambua mahakama za kadhi, jambo ambalo, pamoja na lile la kuharibu mimba, liliwafanya viongozi wengi wa makanisa waipinge Katiba hiyo katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti, wakashindwa; na ya 159 yawataka majaji wahimize njia za jadi za kusuluhisha magomvi, maadamu hazivunji haki za watu wala hazichukizi uadilifu. Kithitu kimesimama katika kizingiti cha ibara hiyo ya mwisho, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Na juu ya yote, dibaji ya Katiba hiyo hiyo inamtaja Mwenyezi Mungu, na jedwali la viapo lamruhusu rais aombe msaada Wake au, akipenda kutoa tamko tu, anyamaze. Ni mapatano ya watu wasiokubaliana, wala sioni aibu ndani yake.

Kwani kiapo cha watawala kina uzito gani? Watu wa Makueni walipata jibu upesi. Katika mwaka 2013 gavana wao wa kwanza, Profesa Kivutha Kibwana, aliapa kuilinda Katiba, na wawakilishi wa bunge la kaunti wakaapa vivyo hivyo. Septemba ya mwaka uliofuata pande hizo mbili zilikuwa zimefarakana juu ya bajeti kiasi kwamba risasi zilifyatuliwa penye bunge hilo huko Wote, watu wakajeruhiwa. Hakuna aliyewatisha waheshimiwa hao kwa pembe. Wananchi walikusanya sahihi, wakaomba serikali ya kaunti yao isimamishwe kwa mujibu wa Katiba. Tume iliyoongozwa na wakili Mohammed Nyaoga ikawasikiliza hadharani na kupendekeza isimamishwe, rais akakataa. Na ulipofika uchaguzi wa mwaka 2017 gavana akarudi, na wengi wa wawakilishi wale hawakurudi. Sahihi, tume na sanduku la kura: hicho nacho ni kithitu cha namna yake, kinachosubiri miaka mitano na kumla mwapaji peke yake, bila kugusa watoto wake.

Lakini vipi kuhusu yule asiyemwamini Mungu wala pembe? Uingereza ililikabili swali hilo katika mwaka 1880, Charles Bradlaugh alipochaguliwa mbunge wa Northampton na, kwa kuwa alikuwa mkana Mungu, akaomba kutoa tamko badala ya kuapa. Alizuiwa, akafungwa kwa muda katika mnara wa saa wa bunge, akachaguliwa tena na tena, akaketi katika mwaka 1886, na miaka miwili baadaye sheria ikampa kila mtu ruhusa ile. Kenya tulirithi ruhusa hiyo tayari imepikwa. Hata hivyo, chama cha wasioamini Mungu kiliposajiliwa Nairobi mwezi Februari mwaka 2016, haikupita hata miezi mitatu kabla usajili wake haujasimamishwa, ukaja kurudishwa baadaye. Na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu 750,000 nchini waliosema hawana dini.

Mmoja wao nilimwona katika mahakama ndogo ya Ukambani, ambayo sitaitaja, msichana aliyeitwa kutoa ushahidi katika shauri la shamba. Karani akamwuliza dini, akajibu kwa adabu kwamba hana. Karani akamtazama hakimu, hakimu akaitikia kwa kichwa, na karani akaanza kupekua mtoto wa meza akitafuta kadi ya tamko, akaondoa mihuri, akaondoa rula, akaondoa chupa ya wino, mpaka akaiona chini ya Biblia, imenata kwenye jalada. Mzee aliyeketi kando yangu akaniinamia akaninong'oneza, "Mwanangu, huyu akidanganya ataliwa na nini?" Sikuwa na jibu. Msichana akasoma kadi pole pole, akairudisha, akaeleza kwa robo saa mahali ulipokuwa mti wa mpaka kabla haujakatwa, na maelezo yake yote yalikuwa dhidi ya baba yake mdogo, aliyekuwa amemlipia karo ya shule, na aliyekuwa ameketi safu ya mbele akimtazama.