Boma la zahanati linamsubiri nani? Fahamu fedha za huduma zinakotoka

Ukipita vijiji vya Ufipa, si ajabu kukuta boma: kuta za matofali zimefika kwenye lenta, bati hakuna, nyasi zimeota ndani. Wananchi walichanga, wakafyatua matofali, wakasomba mawe na mchanga, kisha kazi ikasimama. Kwenye mkutano wa kijiji swali huwa lile lile: halmashauri inangoja nini? Mara nyingi inangoja fedha kutoka Serikali Kuu. Leo tunaeleza kwa nini.

Mifuko miwili

Mkoa wetu wa Rukwa una halmashauri nne: Manispaa ya Sumbawanga, Wilaya ya Sumbawanga, Kalambo na Nkasi. Kila moja ina mifuko miwili. Wa kwanza ni mapato ya ndani, yaani ushuru wa mazao, ushuru wa masoko na minada, leseni za biashara na kadhalika. Wa pili ni fedha zinazoletwa na Hazina.

Kwa halmashauri za vijijini, mfuko wa pili ndio mkubwa kwa mbali. Mshahara wa mwalimu, wa muuguzi wa zahanati na wa afisa ugani unatoka huko. Ruzuku ya elimu bila malipo, iliyoanza mwaka 2016, pia inatoka huko na huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Barabara za vijijini ziko chini ya TARURA tangu 2017, na maji ya vijijini chini ya RUWASA tangu 2019. Zote ni taasisi za Serikali Kuu.

Kwa nini mfuko wa ndani ni mdogo?

Wazee wanaikumbuka kodi ya maendeleo, ile ya kichwa, na mbio za kumkwepa mgambo. Ilifutwa mwaka 2003. Wananchi walipumua, lakini halmashauri zilipoteza chanzo cha mapato. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya chakula nao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 2.

Tufanye hesabu. Mahindi yakiuzwa shilingi 500 kwa kilo, tani moja ni shilingi 500,000. Kwa asilimia 5 halmashauri ilipata shilingi 25,000. Kwa asilimia 2 inapata 10,000. Ushuru huo hulipwa na mnunuzi, kwa hiyo wanunuzi wasipofika na mahindi yakabaki ndani, mkulima anakosa hela na halmashauri nayo inakosa ushuru. Ndiyo maana msimu ambao Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, unanunua kidogo, pigo halimwangukii mkulima peke yake.

Faida na hasara

Kutegemea Hazina kuna faida yake. Mtoto wa Kalambo anasoma bila ada sawa na wa Dar es Salaam, hata kama halmashauri yake ni maskini. Mwaka 2021 Serikali ilitumia mkopo wa IMF, zile fedha za UVIKO-19, kujenga madarasa 15,000 nchi nzima. Mapato ya ndani ya halmashauri za vijijini yasingeweza kazi hiyo.

Hasara ni kwamba fedha zikichelewa, fundi anaondoka na boma linanyeshewa. Nguvu za wananchi zinaoza huku wakisubiri.

Wewe ufanye nini?

Kwanza, usizione fedha za Hazina kama zawadi. Unazichangia kila unaponunua sabuni, mafuta au vocha ya simu.

Pili, uliza swali lenye anwani. Badala ya "zahanati itaisha lini?", uliza: "Ukamilishaji wa boma letu umo kwenye bajeti ya mwaka huu? Ni fedha za mapato ya ndani au za Serikali Kuu? Zimeshaingia?" Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na Bunge hupitisha bajeti mwezi Juni. Ukisubiri hadi Juni umechelewa. Mapendekezo ya kijiji yanatakiwa yawe yamepita kwenye kata na kufika halmashauri miezi mingi kabla.

Tatu, hudhuria mkutano mkuu wa kijiji. Kisheria unafanyika kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi ya kijiji yanapaswa kusomwa hapo. Soma pia ubao wa matangazo wa shule na zahanati.

Kujua fedha inatoka mfuko gani hakutaezeka bati. Lakini kutakuonyesha mlango wa kubisha.