Kipimo cha kano za wanariadha: Faida iko wapi kwa mwekezaji mdogo?

Alphonce Simbu alitwaa medali ya dhahabu ya marathoni katika mashindano ya dunia jijini Tokyo, Septemba 15, 2025, kwa kumzidi Mjerumani Amanal Petros sekunde 0.03 tu. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Pale ambapo tofauti ya mshindi na mshindwa ni ndogo kiasi hicho, mguu wa mwanariadha ni mtaji, na mtaji wowote unahitaji ukaguzi.

Ukaguzi mmojawapo ni upimaji wa ukakamavu wa kano kwa mashine ya utrasaundi. Mwenye zahanati ya Ukonga, Gongo la Mboto au Temeke anayefikiria kuingiza huduma hiyo hana budi kupiga hesabu kwanza.

Bidhaa yenyewe

Kano ni mshipa mgumu unaounganisha msuli na mfupa. Ile ya kisigino hufanya kazi kama springi: hunyooka mguu unapokanyaga, kisha hurudisha nguvu mguu unaponyanyuka. Wakati wa kukimbia hubeba mzigo unaokadiriwa kuwa mara 6 hadi 8 ya uzito wa mwili. Kwa mkimbiaji wa kilo 60, huo ni mzigo wa kati ya kilo 360 na 480 kwa kila hatua.

Zamani kipimo hicho kilihitaji kisu. Mtaalamu wa Finland, Paavo Komi, alipata vipimo vyake kwa kupandikiza kibano cha chuma kwenye kano ya mtu aliye hai. Katika miaka ya 1990, Wajapani akiwamo Tetsuo Fukunaga walionyesha kuwa utrasaundi inaweza kuifuata kano inavyonyooka bila kuchana ngozi. Mpimwa husukuma kwa wayo kifaa kinachopima nguvu, huku picha ikionyesha kano imerefuka milimita ngapi. Nguvu ikigawanywa kwa urefu ulioongezeka, jibu ndilo ukakamavu.

Njia ya pili ni elastografia. Mashine hutuma mtikisiko mdogo ndani ya kano na kupima kasi yake. Kano ikiwa kakamavu zaidi, mtikisiko hukimbia zaidi. Kampuni ya Kifaransa ya SuperSonic Imagine ilijipatia jina kwa mashine yake ya Aixplorer, na mwaka 2019 ilichukuliwa na Hologic ya Marekani. Udhaifu wake ni kwamba kano inapovutwa sana, kasi hiyo inaweza kupita ukomo wa mashine.

Jirani zetu wa Kenya wamekwisha kupimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, ulioshirikisha Wajapani na Komi mwenyewe, uliwalinganisha wakimbiaji bora wa Kenya na wale wa Japani, ukakuta Wakenya wana kano ndefu zaidi ya kisigino.

Thamani halisi

Hata hivyo, mnunuzi asiuziwe kipimo hiki kama utabiri. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2002 ulionyesha kuwa wanasoka wasio na maumivu, lakini ambao picha zao zilikuwa na dosari, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuumia msimu huo. Lakini wapo wenye dosari ambao hawakuumia kamwe. Aidha, namba moja peke yake haina maana kubwa. Inapata thamani inapolinganishwa na ya miezi iliyopita, mguu ukiwa katika mkao uleule na mpimaji akiwa yuleyule. Kinachouzwa hasa ni kumbukumbu za mchezaji.

Hesabu ya Ukonga

Tuchukue mfano, ambao si bei ya soko. Mashine ni Sh milioni 40 na kipimo kimoja ni Sh 20,000. Ili fedha irudi, vinahitajika vipimo 2,000, kabla ya mishahara, umeme na matengenezo. Zahanati inayopata wanariadha 5 kwa wiki itafanya vipimo 260 kwa mwaka, hivyo itasubiri zaidi ya miaka 7. Mashine hiyohiyo ikipima wajawazito 8 kwa siku, siku 6 za wiki, itafikisha vipimo 2,496 kwa mwaka mmoja.

Maana yake ni kwamba Ukonga mjamzito ndiye atakayelipa mashine, na mwanariadha atakuwa nyongeza. Tofauti kubwa iko kwenye proba, yaani kile kichwa kinachowekwa mwilini. Ya wajawazito imepinda na hutumia masafa ya chini, kwa kawaida megahezi 2 hadi 5. Kano iko karibu na ngozi, hivyo inataka proba bapa ya masafa ya juu, megahezi 10 na zaidi. Mashine iliyotumika yenye proba moja iliyopinda haitafaa kwa biashara ya pili, hata ikiuzwa rahisi.

Ushauri

Kabla ya kulipa malipo ya awali, mwekezaji aulize mambo manne. Je, mashine inakubali proba bapa, na bei yake imo kwenye ankara? Je, kifaa kimesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA)? Je, yupo mpimaji mwenye sifa ambaye hatahama baada ya miezi mitatu? Je, ipo timu iliyo tayari kuleta wachezaji walewale mara mbili au tatu kwa msimu?

Swali la mwisho lisipopata jibu, elastografia isubiri. Anunue mashine ya kawaida inayoweza kuongezewa proba, na fedha inayobaki aiweke kwenye mafunzo ya mpimaji.