Kipaka Mwoga: Tazama Umri Kabla ya Rangi

Anayekwenda kwenye kituo cha kutunzia wanyama kuchagua paka huanza na rangi. Huyu ana miguu myeupe, yule ana mabaka. Sisi madaktari wa mifugo huanza na mdomo. Meno ya utotoni huchomoza kuanzia wiki ya 3 hivi na huwa yametimia kufikia wiki ya 8; ya kudumu huanza kuyang'oa karibu na miezi 3 na nusu. Kipaka asiyeshikika tunamtazama macho kwa mbali, kwani ule ubuluu wa uchanga huanza kupotea kwenye wiki ya 6 au ya 7. Umri unatushughulisha kwa sababu ndio unaoamua kama unachukua kazi ya wiki mbili tatu au ya miezi.

Paka ana kipindi kifupi cha kujifunza nani ni wa kwao, takriban kati ya wiki ya 2 na ya 7 ya maisha yake. Viumbe anaokutana nao wakati huo bila kuumizwa, huwahesabu kuwa watu wa nyumbani. Miaka ya 1980 Eileen Karsh wa Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, alilinganisha vipaka walioanza kushikwa kila siku wakiwa na wiki 3, walioanza wakiwa na wiki 7, na wasioshikwa kabisa. Waliowahi kushikwa ndio waliokubali zaidi kukaa na watu, na walioshikwa kwa dakika 40 kwa siku waliwapita wa dakika 15. Baada ya kipindi hicho paka bado anafundishika, ila polepole na kwa jasho zaidi.

Mtu atauliza: mbona paka wa soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, au wa vichochoro vya Mji Mkongwe wanazaliwa katikati ya watu, na bado watoto wao wanakimbia? Kusikia watu na kuguswa na watu ni mambo mawili. Mama huwaficha wanawe darini au nyuma ya magunia mpaka waweze kutembea. Wakitoka, mkono wa kwanza wanaoujua ni ule unaowafukuza kwenye samaki.

Baba naye ana sehemu yake, ingawa halei. Sandra McCune, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1995, alionyesha kwamba watoto wa dume asiyeogopa watu huwa jasiri zaidi, hata mbele ya kitu kigeni kisicho na uhai. Na kwa kuwa paka jike anaweza kubeba mimba ya madume zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja, usishangae kumkuta mmoja akikukimbilia huku ndugu yake wa uzao uleule amejibanza kwenye kona.

Huyo wa kwenye kona watu humwita mkali. Anafoka, masikio yamelala, mboni za macho zimetanuka: anaomba nafasi. Ninayemhofia zaidi ni yule aliyenyamaza kimya, amejikunyata, hali, hajilambi, naye mpokeaji anamsifu kwamba ni mpole. Huyo ameganda kwa hofu. Ukimbeba ovyo leo kwa sababu hakukuparura, kesho atakuparura.

Nyumbani mpe eneo dogo. Chumba cha stoo kinatosha. Anayeishi chumba kimoja atenge kona, azibe uvungu wa kitanda na nyuma ya friji kabla kipaka hajafika. Weka boksi la katoni lenye tundu la kuingilia na kitambaa ndani. Wapo wanaosema boksi litamzoesha kujificha. Sikubaliani nao, na utafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht wa mwaka 2014 uko upande wangu: paka wapya waliopewa maboksi kwenye kituo kimoja cha Uholanzi walitulia mapema kuliko wenzao walionyimwa. Mnyama anayejua pa kukimbilia huthubutu kutoka. Kwa hiyo usimvute kutoka ndani ya boksi hata siku moja.

Choo ni beseni la mchanga safi, mbali na chakula. Uchafu uondolewe kila siku, maana mayai ya vijidudu vya toksoplasma yanayotoka na kinyesi huhitaji siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza. Mwenye ujauzito amwachie mwingine kazi hiyo.

Chakula ndicho kitakachokusemea. Wengi hujaza sahani asubuhi na kwenda zao, kisha wanalalamika kwamba paka hawajali. Kipaka wa miezi miwili anahitaji kula mara nne hivi kwa siku, na kila mlo ni nafasi ya kuonekana naye. Leta chakula mwenyewe, kaa chini sakafuni, mpe ubavu badala ya uso, zungumza kwa sauti ya chini au soma gazeti kwa sauti. Dagaa waliochemshwa bila chumvi au kuku asiye na mifupa hufaa kwa kumvutia. Chakula cha kila siku kiwe kile kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka. Ugali pekee haumtoshi, na maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi. Usimshindishe njaa ili akutii. Mwili mdogo huishiwa sukari haraka.

Akila ukiwa karibu, sogeza sahani kidogo kidogo kuelekea kwako. Kisha mpe kitoweo kwenye kijiko cha mpini mrefu, halafu kwenye kidole. Mguso wa kwanza uwe shavuni au chini ya kidevu, wakati anakula; mkono unaoshuka kutoka juu humkumbusha kunguru na mwewe. Akikutazama, fumba macho taratibu na kuyafumbua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex walilipima hilo mwaka 2020, wakaona paka hujibu vivyo hivyo na humsogelea zaidi mgeni anayewafumbia macho kuliko yule mwenye uso wa kawaida. Aliyevuka miezi mitatu na bado hataki kuguswa, mjaribu kwa unyoya wa kuku kwenye kamba: mchezo humsahaulisha umbali.

Ukichukua ndugu wawili, kila mmoja umpe muda wake peke yake nawe kila siku, la sivyo watazoeana wao na kukuacha nje.

Kuna mambo ya kiafya yasiyosubiri urafiki. Mtenge na paka wengine kwa wiki mbili hivi, apate dawa ya minyoo na chanjo, ile ya kichaa cha mbwa ikianza akiwa na miezi mitatu. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Dawa za viroboto za mbwa zenye permethrini huua paka. Panadoli pia.

Akianza kukujia mkia ukiwa wima, mfungulie chumba cha pili, na wageni waanze kuja mmoja mmoja, wakiwa na kitoweo mkononi. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, hivyo panga mapema na daktari kumfunga kizazi.

Na kama kituo kinakupa paka wa miezi sita ambaye hajawahi kuguswa, uliza swali moja: je, kuna ghala, shamba au gati ambako anaweza kufungwa kizazi, kuchanjwa, na kuishi akilishwa na mtu anayemjua kwa mbali? Kwa wengi wa rika hilo, ningeanzia huko kabla ya sebuleni kwako.